Ndai ya kale yataka tairi changa, si tairi nono

Kabla ya kupiga hiyo picha ya Instagram, inama kidogo. Ndiyo, hapo kando ya ndai yako, weka goti chini usome ubavu wa tairi. Ruka jina la kampuni na yale maandishi makubwa, tafuta herufi tatu: DOT. Ukizipata, fuata mstari wake mpaka mwisho. Pale mwishoni kuna tarakimu nne. Kama ni 3517, tairi hilo lilitoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2017. Kama ni 0809, lilizaliwa Februari 2009, na pengine wakati huo ulikuwa bado unavaa kaptura ya shule ya msingi. Ukikuta tarakimu tatu pekee, zima hilo gari. Mtindo wa tarakimu tatu uliisha mwaka 2000 ulipoingia, maana yake umekalia mpira wa karne iliyopita.

Usipoona tarakimu hizo upande wa nje, usidhani hazipo. Matairi mengi huandikwa mstari wote upande mmoja tu, na fundi akivalisha, upande huo hugeukia ndani. Chukua tochi ya simu, ingia chini. Utachafuka kidogo, ni sawa.

Tunaanza hapo kwa sababu homa ya magari ya kale imewapata vijana wengi, na si homa mbaya. Nenda Ngong Racecourse siku ya Concours d'Elegance, mashindano yaliyoanza mwaka 1970, uone jinsi msee anavyoweza kusimama nusu saa mbele ya Alfa Romeo iliyoundwa kabla mamake hajazaliwa. Tangu 2003 pia tuna Safari Classic, ambapo mashine zile zile tulizosimuliwa na wazee hupita tena zikirusha vumbi. Mtu akiyaona hayo mara mbili, mara tatu, anaanza kuweka akiba. Siku moja anaibuka mtaani na Datsun, au MGB, au Celica ya miaka ya sabini, na majirani wote wanatoka nje.

Shida ni vile doo hutumika baada ya hapo. Rangi kwanza. Halafu viti vya ngozi, ekzosi ya kupiga kelele, rimu za kung'aa, redio. Matairi? "Hayo bado yako fiti, angalia meno." Hivyo ndivyo alivyosema muuzaji, na hivyo ndivyo mnunuzi anavyowajibu wenzake. Maoni yetu ni kinyume kabisa: ukiwa na pesa ya kufanya kitu kimoja tu kwenye gari la kale la michezo, anza na matairi manne machanga ya saizi inayofaa. Rangi ingoje.

Fikiria gari hilo lilikotoka. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hivyo ndai nyingi za aina hii hazikushuka melini juzi. Zilikuwa hapa hapa, zimefunikwa turubai nyuma ya nyumba ya mzee fulani Karen, Nakuru au Nyali, zikingoja mzee achoke au watoto wake waamue kuuza. Miaka kumi chini ya turubai. Injini ililala, na matairi nayo yalikuwa pale pale, yamebeba uzito wa gari mahali pamoja bila kuzunguka.

Hapo ndipo meno yanapodanganya. Gari la kazi, lile linalotoka Ruiru hadi mjini kila asubuhi, hula tairi. Mpira ukifikia umri wa kuzeeka, meno yashaisha zamani na umeshanunua mengine. Gari la Jumapili halifanyi hivyo. Linatoka mara mbili kwa mwezi, linaenda kunywa chai Naivasha, linarudi. Baada ya miaka kumi na mbili meno yako vile vile, marefu, yamejipanga vizuri kama ya mtoto. Lakini meno hayakuambii umri. Mpira wenyewe umekauka.

Kwa nini mpira hukauka hata ukiwa umekaa tu? Hewa. Oksijeni hupenya ndani ya tairi polepole na kuufanya mpira uwe mgumu. Ozoni huupasua juu juu, na jua na joto huharakisha kazi yote hiyo. Watengenezaji wanajua, ndiyo maana huchanganya nta maalum ndani ya mpira ili itoke kidogo kidogo na kuufunika. Sasa sikiza: nta hiyo hutoka vizuri tairi linapozunguka na kujikunja barabarani. Tairi lililosimama halijikunji. Kwa hivyo gari linalotunzwa sana, lisiloendeshwa, ndilo linalozeesha matairi yake vibaya zaidi, na sisi tuko Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, karibu na ikweta. Jua letu si la kuchezea.

Dalili unaweza kuziona ukitaka. Bonyeza jino kwa ukucha: tairi changa hukubali kidogo, lile zee ni kama soli ya kiatu cha polisi. Angalia ubavu na katikati ya meno kama kuna mipasuko midogo, ile inayofanana na matope yaliyokauka. Lakini hata usipoiona, umri unabaki kuwa umri. Mpira unaweza kuachana na nyuzi za ndani bila kukupa taarifa.

Unamkumbuka Paul Walker? Wengi wetu tulipenda magari kwa sababu yake. Tarehe 30 Novemba 2013, huko Santa Clarita, California, alikuwa abiria ndani ya Porsche Carrera GT ya mwaka 2005 iliyoendeshwa na rafiki yake. Gari lilitoka barabarani, likagonga nguzo na miti, likawaka. Wote wawili wakafa. Wachunguzi wa polisi walipotoa ripoti yao Machi 2014, walisema chanzo ni mwendo: kati ya maili 80 na 93 kwa saa, yaani kama kilomita 130 hadi 150, mahali palipowekewa kikomo cha maili 45. Hilo lisemwe wazi, tusije tukamtupia tairi makosa yote. Lakini ripoti hiyo pia iligusia matairi. Yalikuwa na zaidi ya miaka tisa, na umri wao ungeweza kuathiri namna gari lilivyoshika barabara. Gari la mamilioni ya shilingi, limetunzwa vizuri, halijatembea sana, na linakanyaga lami kwa mpira wa miaka tisa. Hiyo ndiyo hadithi ya ndai ya Jumapili kila mahali.

Miaka mingapi ndiyo basi? Watengenezaji wengi wa matairi, Michelin wakiwemo, husema likifika miaka mitano likaguliwe na mtu anayejua kila mwaka, na likifika kumi tangu lizaliwe litolewe hata kama linaonekana jipya. Baadhi ya kampuni za magari hukata mapema zaidi, miaka sita. Kwa gari la michezo, lisilo na mfuko wa hewa, lisilo na breki za kisasa wala kompyuta ya kukuokoa linapoteleza, sisi tunasimama na hao wa sita. Ukivuta hadi saba, vuta ukijua unachofanya.

Na hapa tuwatazame wenzetu wa matairi ya mtumba. Hatuna ugomvi na mtumba, nusu ya nguo tulizovaa tukiandika haya ni za Gikomba. Lakini shati zee likichanika unacheka unaendelea. Ukienda kununua tairi la mtumba kwa ajili ya gari la kale, unatoa mpira wa miaka kumi na mbili unaweka wa miaka minane, halafu unalipa pesa kwa hiyo kazi. Afadhali tairi jipya la kampuni isiyo na jina kubwa, lenye tarehe ya mwaka huu au jana, kuliko jina kubwa lililochoka. Hata dukani, tairi "jipya" lililokaa kwenye rafu miaka minne si jipya. Muulize muuzaji tarehe kabla ya bei. Akikasirika, duka liko lingine.

Sasa saizi, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Kila gari lina hesabu zake, kwa hivyo tufuate moja hadi mwisho.

Tuchukue Datsun 240Z. Mkenya hahitaji kuelezwa sana kuhusu gari hili: Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na Shekhar Mehta akafanya vivyo hivyo 1973. Kiwandani lilivalishwa tairi la 175 R14 juu ya rimu nyembamba ya inchi 4.5. Hiyo 175 ni upana wa tairi kwa milimita. R ni radiali, yaani nyuzi za ndani zimekwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. 14 ni ukubwa wa rimu kwa inchi. Urefu wa ubavu haujaandikwa, kwa sababu enzi hizo ulijulikana tu: kama asilimia 80 ya upana, au zaidi kidogo. Piga hesabu, rimu pamoja na ubavu wa juu na wa chini, utapata tairi lenye kimo cha karibu milimita 640. Ishike hiyo namba. Hiyo 640 ndiyo unayoitafuta dukani, hata kuliko hiyo 175.

Ukifika Kirinyaga Road na kuuliza tairi la inchi 14 la gari la michezo, huenda ukaletewa kwanza kitu kama 195/60 R14. Linaonekana poa, limelala, pana. Fanya hesabu: asilimia 60 ya 195 ni 117, mara mbili ni 234, ongeza rimu ya milimita 356, jumla 590. Umepoteza milimita 50. Spidomita ikikuambia unaenda 100, kwa kweli uko 92. Injini inapiga kelele zaidi kwa mwendo ule ule ukiwa Thika Road, na mafuta unajua bei yake. Gari limeshuka chini sentimita mbili na nusu, na tumbo lake sasa linasalimiana na kila tuta la mtaa. Isitoshe, pale juu ya gurudumu kunabaki pengo, gari linaonekana kama limevaa viatu vya mdogo wake.

La pili utakaloletewa ni 195 R14 C, na hili lina mtego wa heshima. Ni tairi la matatu na pikapu. Ni imara, linapatikana kila kona, na fundi atakuapia kwamba halitakusumbua. Kile C ni cha mizigo. Angalia namba zilizo pembeni, mara nyingi utakuta 106, na katika jedwali la uzito 106 ni kilo 950 kwa tairi moja. Datsun 240Z nzima ina kama kilo 1,050. Yaani tairi moja la hilo linakaribia kubeba gari lako lote peke yake! Sasa hebu niambie litajikunja vipi chini ya gari jepesi hivyo. Halitajikunja. Litaruka kwenye kila shimo, litateleza kwenye lami yenye maji, na utalaumu springi bure.

La tatu ni 185/70 R14, na hapa tunaanza kuelewana. Ni saizi ya saluni nyingi za Toyota kwa hivyo haikosekani, na huwa changa kwa sababu inauzika haraka. Kimo chake ni kama 615, pungufu ya asilimia nne. Spidomita itadanganya kidogo, 100 itakuwa 96, jambo unaloweza kuishi nalo. Afadhali zaidi ni 195/70 R14, ambayo hufika karibu 630, lakini isiwe juu ya ile rimu ya zamani ya 4.5. Kila tairi lina kipimo cha upana wa rimu linachokubali, na mtengenezaji hukiandika kwenye jedwali lake. Tairi pana kwenye rimu nyembamba hujibana kama mguu kwenye kiatu kidogo, katikati yake hutuna na kingo hazikanyagi vizuri. Kwa 195 tafuta rimu ya inchi 5.5 au 6.

Na kama ulikuwa tayari unataka kubadilisha rimu, kuna njia ambayo wengi hawaioni: rimu ya inchi 15 na tairi la 195/65 R15. Piga hesabu mwenyewe. Inakuja 635 hivi, karibu sawa kabisa na kimo cha kiwandani. Nenda duka lolote kuanzia Mombasa hadi Kisumu, saizi hiyo ipo, mpya, kwa bei ya mtu wa kawaida. Wapenzi wa vitu halisi watanuna ukifika nayo Concours. Waache wanune.

Kwa nini tunasisitiza wembamba hivi, wakati kila picha mtandaoni inaonyesha ndai ya kale imevalishwa matairi nono yanayotoka nje ya madigadi? Kwa sababu springi za gari hilo, usukani wake na beringi za magurudumu vilipimwa kwa tairi jembamba lenye ubavu mrefu. Huo ubavu mrefu ni sehemu ya springi. Ukiuondoa, mashimo yote yanapanda moja kwa moja mpaka kiunoni mwako. Usukani hauna mtambo wa kuusaidia, kwa hivyo ukiweka tairi la 225, kuegesha gari pale Westlands kunakuwa mazoezi ya gym. Barabarani gari linaanza kufuata kila mfereji uliochimbwa na malori kwenye lami. Tena tairi pana la kisasa hushika sana, linashika, linashika, halafu linaachia ghafla. Lile jembamba huanza kukunong'oneza mapema kwamba mambo yanaharibika, na unapata nafasi ya kupunguza mwendo. Ukiwa na gari lisilo na kompyuta, mnong'ono huo ni mali.

Usisahau herufi ya mwisho, ile ya mwendo. S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210, V ni 240. Datsun yetu ilikuwa na uwezo wa kukaribia 200, kwa hivyo H ndiyo yake. Najua utasema, "Mimi siendi hivyo, na kikomo ni 110." Sawa kabisa, na usiende. Lakini herufi hiyo haipimi mbio pekee, inapima jinsi tairi linavyostahimili joto. Teremka Magadi Road saa nane mchana, lami inachemka, halafu uniambie kama joto ni jambo la Wazungu wa mbio. Ukikosa H, T inatosha kwa gari linaloendeshwa kwa akili. Chini ya hapo usishuke.

Kuna wale watakaouliza kuhusu matairi halisi ya enzi zile. Yapo bado. Michelin ilitoa XAS mwaka 1965, tairi la kwanza ambalo meno ya upande wa nje na wa ndani hayafanani, na hadi leo inatengeneza matairi ya familia hiyo kwa ajili ya magari ya kale. Pirelli nayo imerudisha Cinturato zake. Nje yanafanana na yale ya miaka ya sitini, ila mpira ni mchanga. Ukiwa na uwezo wa kuyaagiza, yaagize, hutajuta. Gari litarudi kuwa lile mhandisi alilokusudia. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya tairi la Premio, kisha kuna meli, kisha ushuru. Na hili ndilo linalotuuma: tumeona watu wakipiga hesabu hiyo, wakavunjika moyo, wakaamua kubaki na yale mazee "mpaka nipate pesa za halisi". Miaka mitatu ikapita. Rafiki, tairi la kawaida la mwaka huu, la kimo na uzito unaofaa, linashinda tairi halisi lililo kichwani mwako. Vaa hilo leo. Halisi yaje siku yake.

Kuna wakati tungekuambia ununue la hapa nyumbani uishe. Yana zilitengenezwa Nairobi mpaka kiwanda kilipofunga mwaka 2016. Sasa karibu kila tairi la gari dogo unaloliona limevuka bahari, na ndiyo sababu nyingine ya kusoma tarehe: hujui lilikaa bandarini au ghalani muda gani.

Mambo mawili zaidi kwa wenye magari ya zamani zaidi au ya Kiingereza. Kama una kitu cha miaka ya arobaini, tuseme MG TC, kilizaliwa na matairi ya nyuzi za mshazari, kabla radiali haijaenea. Usichanganye mshazari na radiali kwenye ekseli moja, kabisa, hata kwa kwenda tu hadi garaji. Zinapokata kona kila moja ina tabia yake, na gari litakutupa. Na kama MGB yako ina rimu za spoki, kumbuka kila spoki imetoboa rimu. Hewa itavuja. Lazima uweke tyubu, na iwe tyubu ya saizi hiyo hiyo iliyokubaliwa kwa radiali, si ile iliyokuwa imening'inia ukutani kwa fundi wa pancha. Umeme wa jua kali hutatua mengi lakini si hili.

Ukishanunua, simama pale yakivalishwa. Si kwa dharau, fundi ni mtu wa maana. Lakini mkono uliozoea rimu za chuma za matatu unaweza kuchukua mtaimbo na kukwangua rimu ya alumini ya miaka hamsini, ambayo ukiivunja hupati nyingine. Omba mashine. Badilisha valvu zote, ni shilingi chache. Fanya balansi, kisha alaimenti. Halafu upepo: kwenye vituo vingi vya petroli jamaa atakuuliza "thelathini na tano?" bila hata kuangalia gari. Kataa. Ndai nyepesi ya zamani mara nyingi hutaka chini ya hapo. Tafuta kijitabu cha gari lako, upime asubuhi tairi likiwa baridi, kabla hujatembea. Ikiwa umebadilisha saizi, anza na namba ya kijitabu kisha usikilize gari.

Na kilomita 150 za kwanza uende polepole. Tairi jipya hutoka kiwandani na utelezi juu yake, na mvua ya kwanza ya Machi pale Mai Mahiu haitakuuliza kama umelivaa jana.

"Sasa doo ya manne nitatoa wapi mara moja?" Swali la haki. Jibu letu: ukiweza kupata mawili tu mwezi huu, nunua mawili yanayofanana, uyaweke nyuma. Watu huyaweka mbele kwa mazoea, kwa kuwa ndiko usukani uliko. Lakini mbele ikiteleza, gari huenda moja kwa moja na bado una la kufanya. Nyuma ikiteleza, gari la kale linazunguka, hasa hizi zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma. Kisha lipaki mahali penye kivuli, uendeshe kwa adabu, ukamilishe mawili ya mbele kabla ya msimu wa mvua. Hiyo ekzosi ya kelele inaweza kusubiri. Kwani majirani hawalali?

Usisahau la tano. Kwenye 240Z spea huishi nyuma, chini ya zulia la buti, na huko ndiko utakutana na mzee wa kweli: tairi ambalo pengine halijawahi kugusa lami tangu enzi za Moi, meno mapya, rangi nyeusi ya kung'aa. Ndilo litakalokuponza usiku wa manane ukiwa Gilgil umepata pancha. Lisome DOT kama mengine.

Na yale uliyoyavua usimwachie muuzaji hivi hivi. Yakibaki na meno marefu namna hiyo, yatasuguliwa, yatapakwa rangi nyeusi, na wiki ijayo yatakuwa barabarani tena chini ya gari la mtu mwingine ambaye hakuambiwa. Omba kisu, yachane ubavu ukiwa hapo hapo. Baada ya hapo mpe fundi wa akala, au mama anayepanda sukuma kwenye matairi kando ya nyumba.